Kitelezi cha Kumi

Sajeev aliondoka Machi, viza imekwisha,
akaniachia ufunguo wa kibanda cha mitambo,
kikombe cha karaki chenye ukoko wa maziwa
na deski ya taa, vitelezi kumi.

Chini ya kila kitelezi kabandika utepe,
na juu ya utepe maandishi ya kwao Kerala,
herufi za duara, kama zilabia zilizomwagika.
Mimi nina Kiarabu cha shule, Kiswahili cha jikoni kwa bibi
na Kiingereza cha kujazia fomu.
Zilabia zile sikuweza kuzionja hata moja.

Siku saba kabla ya mchezo, ukumbi wa Ibra mtupu,
kiyoyozi kinakoroma,
nikasema: basi, nitasoma kwa kidole.

Cha kwanza nikakisukuma taratibu,
kama mwenye zamu anavyochomoa kitambaa
kwenye mlango wa falaji, maji yasije yakamrukia.
Jukwaa likapata uso.
Cha pili: samawati ya nyuma, mabega yasiyo na wenyewe.
Cha tatu: kaharabu,
rangi ya saa kumi na moja jioni kwenye kuta za udongo za Minzfa.
Nikakipandisha hicho na cha kwanza pamoja
nikidhani mwanga utajumlishwa, mshahara na posho.
Wapi!
Taa moja ikidaiwa na wawili
humsikiliza aliye juu zaidi.
Nikacheka peke yangu: kumbe hata humu mna ukoo.

Cha tisa nilikikuta kileleni, kimefungwa kwa utepe kisishuke.
Kwa ujuaji wangu nikaubandua, nikakishusha,
na giza likaingia
ilhali wenzake wote wamesimama wima.
Hakina taa yake hicho. Kazi yake ni kuruhusu.
Nikakirudisha upesi, nikakifunga tena,
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Na cha kumi?
Nikakisukuma mpaka mwisho. Kimya.
Nikakagua nyaya, nikapanda ngazi ya chuma, nikagusa balbu za juu
moja moja, vumbi likanijaa puani.
Kimya. Nikaandika daftarini: kibovu.

Jumanne, mazoezi.
Bi Mizna anacheza mjane aliyeibiwa zamu yake ya maji;
anapiga ukelele, anageuka, anatokea kushoto,
nami nikashusha vinane kwa viganja viwili.
Giza totoro. Kisha goti likagonga ubao
na sauti ikatoka nyuma ya pazia:
"Sajeev! Ngazi!"

Mkono ulikwenda kabla ya akili.
Nikasukuma cha kumi.
"Haya," akasema, "sasa naona."

Baadaye nilikwenda kutazama.
Vidaraja vitatu vya mbao, kona ambayo mtazamaji haioni,
na kitaa kidogo kimefungwa kwa kamba ya katani,
mwanga wake asilimia nane, si zaidi,
wa kutosha kuonyesha ukingo wa ubao na kiatu.
Nikamwona Sajeev usiku, ukumbi umeshafungwa:
anachagua taa ya arubaini na moja, anaipandisha mpaka nane,
anashusha, anapima kwa macho ya mwanamke wa miaka sitini na tano,
anashikilia kitufe cha kurekodi,
anabonyeza kile cha chini ya kumi.
Kisha anachukua kalamu.

Utepe wake sikuubandua.
Pembeni ya zilabia za mwisho nikaandika: ngazi.

Usiku wa mchezo watu walipiga makofi gizani,
vinane vimelala, mmoja yu macho.
Nikadhani nimefuzu.
Bi Mizna alipopita kibandani, kanga begani, viatu mkononi,
akanipa tende mbili na kusema, bila ubaya:

"Mwenzio alikuwa akiiwasha
kabla sijaita."